Pampu Inasingiziwa: Jinsi ya Kubadilisha Pampu ya Petroli ya Pikapu Kuukuu Bila Kufilisika Chiungutwa

Pikapu kuukuu ikizimika mlimani, njia ya Chiungutwa kwenda Newala, mafundi huzaliwa papo hapo. Mwenye magunia ya korosho ni fundi, utingo ni fundi, mama aliyekaa mbele na kuku wake wa kupeleka mjini ni fundi, na kijana wa bodaboda aliyesimama kushangaa tu huteuliwa fundi mkuu. Wote hutoa hukumu moja: "Pampu hiyo!" Muda si mrefu mwenye gari ameshapiga simu Masasi kuulizia bei ya pampu mpya, na hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko cha tangi kutazama kama petroli imo.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari huyo. Namtakia mema, na kabla ya spana yoyote namsihi apime kwanza, anunue baadaye. Pikapu ya kijijini si mali ya mtu mmoja. Msimu wa korosho ukifika ndiyo inayokusanya magunia kutoka mashambani hadi ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mzigo ambao haujafika ghalani ukapimwa hauingii mnadani, uwe mnada wa chama kikuu cha ushirika cha MAMCU upande wa Masasi au cha TANECU kule Newala na Tandahimba. Kabla ya hapo, mwezi wa Juni na Julai, ilibeba salfa ya kupulizia mikorosho. Siku nyingine zote inabeba bibi harusi, jeneza, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mkomaindo au Ndanda. Kuilaza bila sababu ni kuwalaza watu wengi.

Tuelewane kwanza ni gari gani. Nazungumzia pikapu ya petroli yenye kabureta, mfano Hilux za miaka ya 1980 zenye injini ya 22R. Kama yako ni ya dizeli, Hilux ya 2L au 3L, pampu yako ni ile kubwa inayolisha nozeli. Hiyo huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini, na imepimwa kwa vipimo vidogo mno. Wewe badilisha chujio, toa upepo kwa kile kipampu cha mkono kilicho juu ya chujio, na ikigoma bado mpelekee fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Anayekuahidi kuifungua juu ya gunia chini ya mkorosho na kuirudisha salama hakupendi, hata kama ni shemeji yako.

Pampu ya petroli ni kitu cha kuenea kiganjani, kimefungwa kwa bolti mbili kwenye silinda hedi, sehemu ya mbele. Ndani yake kuna utando wa mpira, yaani diaframu. Injini ikizunguka, nundu iliyo mbele ya kamshafti hukandamiza mkono wa pampu, mkono huvuta utando, na petroli hufyonzwa kutoka tangini kupitia vali ya kuingilia. Nundu ikipita, springi husukuma utando na petroli hutokea vali ya pili kwenda kwenye kabureta. Nguvu yake ni ndogo, kama psi 3 hadi 4 tu. Bakuli la kabureta likijaa, sindano hufunga mlango, na mafuta ya ziada hurudi tangini kwa mpira wa tatu. Hamna umeme wala kompyuta, ndiyo maana hudumu miaka na miaka. Ikichoka, huchoka kwa njia chache zinazojulikana: utando umepasuka, vali zimechafuka na hazifungi, springi imelegea, au mkono umelika pale unapogusana na nundu.

Watu wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa thamani ya pampu. Kule juu mvua huzama mchangani na maji hukutwa mabondeni, ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kuyapandisha mlimani. Mitambo ikisimama, ndoo hurudi vichwani. Lakini watu hao hao wanajua kwamba bomba la kijiji likikauka si lazima mtambo uwe umekufa. Huenda umeme umekatika, huenda bomba limepasuka njiani, huenda mtu amefunga valvu. Nawaomba waitendee pampu ya pikapu haki hiyo hiyo.

Basi tuanze kupima, na tuanzie nyuma ya gari, siyo mbele. Geji ya mafuta ya gari la umri huu si shahidi wa kuaminika. Tikisa gari, tega sikio tangini, sikia kama mafuta yanacheza. Kama mafuta ni kidogo na gari limeinua pua mlimani, bomba la kufyonzea huweza kubaki hewani. Lita chache za petroli zimeshaponya "pampu mbovu" nyingi kuliko mafundi.

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa mvuto, "fyuu!", tundu la kupumulia limeziba. Hapo pampu inavuta mafuta kutoka kwenye chombo kisichoingiza hewa, na haiwezi. Dalili yake ni gari linalozima, likipumzishwa linawaka, likienda kidogo linazima tena. Safisha tundu, endelea na safari. Hiyo ni kazi ya bure kabisa, na inaniuma kuona mtu ameilipia pampu mpya.

Kisha chujio. Vumbi jekundu la barabara zetu na kutu ya tangi la zamani hukutana humo. Anayenunua petroli ya chupa kando ya njia hununua na uchafu wa chupa, wakati mwingine na maji, wakati mwingine na mafuta ya taa. Uchakachuaji ulifika mahali ambapo mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwaondolea wachakachuaji faida. Usinilaumu basi nikikuambia uweke kituoni kila inapowezekana. Chujio jipya likichafuka tena muda mfupi baada ya kufungwa, tatizo ni tangi. Lishushwe, lioshwe.

Baada ya chujio fuata mipira kwa vidole, kutoka tangini hadi kwenye injini, hasa pale bomba la chuma la chasisi linapounganishwa na mpira wa kwenda kwenye pampu. Huu ni upande wa kufyonza, na ufa wa upande huu haudondoshi petroli, unaingiza hewa. Ndiyo maana watu hupita wakitafuta unyevu chini ya gari, hawauoni, wakasema mipira ni mizima. Kunja kila mpira. Ukiona mipasuko midogo inafunguka, kata, weka mpya. Mpira huo uwe wa petroli kweli, siyo ule wa kumwagilia bustani, maana petroli huulainisha, ukafyonzwa na kujibana wenyewe. Na ufungwe kwa klipu, waya wa uzio hukata mpira.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila dereva akijue. Kabureta nyingi za Toyota za zama hizo zina kidirisha kidogo cha kioo ubavuni, cha kuonyesha kiasi cha petroli kwenye bakuli. Gari likizima, kabla hujashika chochote, kifute na utazame. Ukiona petroli imefika usawa wa katikati, pampu imefanya kazi yake na haina hatia. Tafuta moto: plagi, platini, koili, waya. Kidirisha kikiwa kikavu, hapo ndipo pampu inaitwa kujieleza.

Kuipima ni hivi. Injini iwe imepoa. Chomoa waya mkuu wa koili kwenye distibuta na uufunge vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na mafuta, ili pasiwe na cheche ya kuruka. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa safi inayoonyesha, mtu mmoja aishike imara na kuiweka mbali na injini, mwingine apige stata. Pampu nzima hutema kwa mipigo iliyo wazi, pyu, pyu, pyu, na chupa inapanda unaiona. Ikitema matone ya kinyonge au mapovu, na umeshathibitisha tangi, chujio na mipira, basi hukumu sasa ni halali.

Dalili mbili hazihitaji chupa. Ya kwanza ni petroli kudondoka kwenye kile kitundu kidogo kilicho chini ya pampu: utando umepasuka. Ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu haionekani barabarani. Chomoa kijiti cha oili, ukinuse. Kikinuka petroli, na kiwango cha oili kimepanda wakati hukuongeza, petroli inapita kwenye utando uliopasuka na kuingia ndani ya injini. Usiwashe tena. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, haikingi beringi, na injini utakayoua hapo bei yake haina ujamaa na bei ya pampu.

Joto nalo lina visa vyake. Mchana wa Oktoba, mzigo nyuma, gia ya kwanza kwa muda mrefu, petroli inaweza kugeuka mvuke ndani ya pampu au mpira, na pampu haijui kusukuma mvuke. Ukiweka kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu na gari likawaka baada ya muda, usiinunue pampu bado. Tazama kama mpira umeegemea chuma cha moto, na kama kile kipande cha kuzuia joto kati ya pampu na silinda hedi bado kipo. Nitakirudia, maana ndicho kinachoonewa kuliko vyote.

Hapa nasimama kidogo niseme jambo kwa moyo wangu wote. Acheni kunyonya petroli kwa mdomo. Najua inavyoonekana: kijana anashika mpira, anavuta, anatema mate, anacheka, watu wanamwita mwanaume. Petroli kidogo tu ikipitia njia ya hewa inaunguza mapafu, na mtu anaweza kuanza kubanwa kifua saa kadhaa baadaye, usiku, akiwa nyumbani. Aliyemeza asitapishwe, na asinyweshwe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Kipampu cha mkono cha kuhamishia mafuta kinauzwa maduka ya spea, na kijiji kizima kinaweza kuazimana kimoja. Sigara, jiko la mkaa na taa ya koroboi vikae mbali. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kwenda kuutafuta moto ulipo. Watoto wanaopenda kutazama gari likitengenezwa, na kweli wanapenda, wakae upande upepo unakotoka, mbali.

Pampu imeshahukumiwa kwa haki, tununue. Kama Masasi haipo, itatoka Dar es Salaam, Kariakoo, mitaa ya Gerezani, na itasafiri kwa basi. Zamani pampu hiyo ingesubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu, mvua ikinyesha isubiri zaidi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kusini ilipumua. Lakini Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi, kila kifurushi kilikwama tena. Kwa hiyo anayeishi kwa pikapu kuukuu anunue pampu ya akiba wakati wa jua, kabla haijahitajika, na aihifadhi ndani, penye kivuli.

Usiagize kwa kusema "pampu ya Hilux." Tuma picha ya iliyotoka, pande zote, mkono wake uonekane, mipira mitatu ionekane, na utaje injini. Pampu hufanana sura lakini mikono hutofautiana urefu na mkunjo. Ikifika, ipime kabla ya kumlipa fundi: ziba tundu la kuingizia kwa kidole, sukuma mkono, usikie ikinyonya kidole chako. Ziba la kutolea na lile la kurudishia, sukuma, usikie mkono ukigoma kwa upinzani. Pampu isiyonyonya kidole haitanyonya tangi lililoko nyuma ya gari. Kwa mitumba nina shaka kubwa, kwa sababu mpira wa utando huzeeka hata ukiwa rafuni.

Sasa kazi. Fungua taminali hasi ya betri. Legeza kifuniko cha tangi kuondoa msukumo. Kabla ya kuchomoa mipira mitatu, funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila mmoja, maana mpira wa kuingiza ukibadilishana na wa kurudisha utalala hapo hadi kesho ukimlaumu muuza spea. Ukishachomoa, ziba kila mdomo kwa bolti safi inayobana, petroli isimwagike wala mchanga usiingie. Kisha zilegeze bolti mbili za pampu kidogo kidogo, hii nusu, ile nusu. Ukiona pampu inasukumwa nje kwa nguvu, nundu imesimama juu ya mkono wake; zungusha injini taratibu kwa nati ya puli ya mbele mpaka msukumo uishe.

Pampu ikitoka, weka kitambaa safi kwenye tundu ndipo ukwangue gasketi ya zamani. Silinda hedi ya 22R ni aluminiamu. Kwangua kwa upole. Ukimaliza toa kitambaa. Rudia kwa sauti mbele ya utingo: kitambaa kimetoka.

Hapa ndipo penye kipande kile nilichoahidi kukirudia. Kati ya pampu na injini kuna kipande kigumu cha kuzuia joto, na gasketi pande zake. Kazi yake ya pili watu hawaijui: kinaweka umbali sahihi kati ya mkono wa pampu na nundu. Ukikiacha nje, mkono unasukumwa kupita kiasi na unaweza kuvunjika. Ukirundika gasketi za katoni, mkono haufikiwi sawasawa, pampu mpya inatema kinyonge, na lawama inamwendea aliyeuza. Utasikia, "Mzee, mbili ni bora kuliko moja, haitavuja." Mjibu kwa adabu: "Kijana wangu, rudisha kama ilivyotoka." Na silikoni isitumike upande wa petroli hata chembe. Petroli huilegeza, vipande husafiri hadi kwenye kabureta, na utaitafuta pampu nyingine wakati ugonjwa ni wa fundi.

Paka oili mbichi kwenye mkono wa pampu. Ingiza pampu kwa mkono, sikilizia ikae upande sahihi wa nundu. Ukibonyeza pampu iwe inarudi kwa ulaini wa springi, bila kugonga. Anza bolti zote mbili kwa vidole hadi ziingie nyuzi kadhaa, ndipo ushike spana, kaza kwa zamu. Usirefushe spana kwa kipande cha bomba. Nyuzi za aluminiamu zikikatika, kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa safari ya kwenda kwa mchonga vyuma.

Rudisha mipira kwa kufuata nyuzi zako, funga klipu, rudisha waya wa koili na taminali. Kabureta sasa ni tupu, na pampu inahitaji muda kuyafikisha mafuta. Piga stata kwa vipindi vifupi, sekunde 10 hivi, upumzishe, upige tena, betri na stata vitakushukuru. Usimwagie petroli mdomoni mwa kabureta huku mtu anapiga stata. Injini ikikohoa humo, moto unarudi juu, na nyusi ndizo zinazotangulia. Likiwaka, liache lingurume lenyewe, uzungukie pampu kwa tochi na mkono mkavu. Unyevu wowote, zima. Kama oili ilinuka petroli, ulipaswa kuimwaga na kuibadilisha pamoja na chujio lake kabla ya kuwasha, usiiweke kiporo.

Atakuja mtu na pendekezo la pampu ya umeme. Silikatai. Lakini iwe ya nguvu ndogo ya kabureta, psi 3 hadi 4. Ile iliyotolewa kwenye gari la kisasa lenye injekta husukuma zaidi ya mara kumi ya hapo, na itaizidi sindano ya kabureta hadi petroli imwagike juu ya injini ya moto. Iwe na fyuzi na rilei, na swichi ya msukumo wa oili ili gari likipinduka na injini ikizima, pampu isiendelee kumwaga. Tundu la pampu ya zamani lifunikwe kwa bati nene na gasketi. Asiyeweza kufanya hayo yote abaki na ya mkono na springi.

Mwisho ni mlima wenyewe, maana pampu haipimwi kwenye tambarare la sokoni. Panda ukiwa mtupu kwanza, gia ya pili, usikilize kama injini inavuta bila kukatakata. Kisha pakia mzigo wa wastani, upande tena. Ukifika juu zima, fungua boneti, angalia pampu na mipira. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, zikaze tena zile bolti mbili kwa mkono mwepesi, kwa sababu gasketi mpya hujibana ikishapata joto. Andika tarehe kwa rangi juu ya pampu, na ile iliyotoka usiitupe: springi na bolti zake bado zina kazi, na utingo anayetaka kujifunza aruhusiwe kuifungua.